Waliokuja Kuuliza Habari za Étienne

"Rudia ulichomwambia yule mgeni," Félicité alisema. "Rudia hapa mbele ya watu, Mama Manassé, maneno yale yale, na minye nisikie mtoto wangu iko na ugonjwa gani."

Mama Manassé hakuinua kichwa. Alikuwa amechutama uani kwake anapeta mchele, na ungo haukusimama. Kati ya nyua hizo mbili palikuwa na uzio wa matete, na katikati ya uzio palikuwa na tundu, maana kwa miaka mingi wanawake hao walikuwa wakipitishiana hapo kaa la moto, chumvi, watoto wachanga na habari za mtaa. Siku hiyo tundu lote lilijaa uso wa Félicité, nao ulikuwa umeumuka kwa hasira kama unga uliotiwa chachu.

"Nilisema anaanguka," Mama Manassé akajibu mwishowe.

"Anaanguka namna gani?"

"Kifafa. Nikasema tena analala mpaka jua linafika juu ya paa. Na pombe." Akapuliza makapi. "Pombe nilisema kidogo tu."

Nyuma ya Félicité mtu akacheka. Alikuwa Nduwimana, fundi cherehani, aliyeacha suruali ya mteja chini ya sindano akaja mbio kusikiliza, na hakuwa peke yake. Kasenga, hapa Uvira, ni mtaa wa watu wanaopenda watu. Ugomvi ukianza kwa jirani, hata mgonjwa wa tumbo hupata nafuu, anatoka nje kuona. Wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wamesimama na mabeseni vichwani, mama mmoja amekuja na mwiko mkononi unadondosha uji, na huwezi kutema mate bila kumpata shahidi.

Félicité akawageukia hao mashahidi. Akawauliza kama yuko mmoja wao aliyewahi kumwona Étienne ameanguka. Hakuna. Kama yuko aliyemwona amelewa. Nduwimana alitaka kutaja sikukuu ya uhuru, lakini akakumbuka kwamba siku ile mtaa mzima ulikuwa na macho mekundu, yeye akiwa wa kwanza, akaiacha. Basi, Félicité akasema, mmesikia wenyewe: mwanamke huyu ninayekula naye chumvi moja amemuua mwanangu kwa mdomo, na mdomo hauna dawa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi.

Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru. Kampuni moja iliyonunua pamba na mchele wa bonde la Ruzizi, ambayo watu waliiita Sokolaki, ilitangaza kwamba inatafuta vijana wanne wenye diploma. Makarani wake Wazungu walikuwa wamevuka kwenda Bujumbura mmoja mmoja, kila mmoja akisema anakwenda kuona daktari wa meno, na hakuna aliyerudi. Ghala za bandarini Kalundu zikabaki na funguo nyingi kuliko watu wa kuzishika. Tangazo likasomwa kanisani baada ya misa, likapigiliwa misumari kwenye mlango wa posta. Na vijana wenye diploma, ambao mpaka siku ile walikuwa wanakaa juu ya ukuta wa posta kutwa nzima wakilinda mikunjo ya suruali zao, walitawanyika kama siafu waliomwagiwa maji ya moto.

Étienne alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametoka kumaliza shule ya sekondari kule Bukavu, na kumsomesha kulikuwa kumemgharimu mama yake ndagala wote wa ziwa hili. Félicité aliwauza wabichi, aliwauza wakavu, mpaka harufu yao ikamkaa mwilini hata sabuni ya Pasaka haikuiondoa. Mumewe alikuwa amekufa zamani. Huyo ndiye mtoto aliyekuwa naye.

Lakini hakutaka kazi hiyo kwa ajili ya mshahara tu. Huko bondeni, kuanzia Luberizi kupanda mpaka Katogota, vijana walikuwa wameanza kupotea majumbani. Ilisemekana wako milimani, wanafundishwa kupigana na serikali. Wengine miili yao ilikuwa imekwisha kurudi, wengine walirudi majina tu. Firmin, rafiki yake Étienne, alikuwa anakuja kila jioni, wanakaa pamoja kwenye kizingiti na kunong'ona, na Félicité hakuhitaji kusikia maneno ili ajue wanasema nini. Akajiambia: mtoto huyu akipata kiti cha Sokolaki, atabaki. Akikikosa, bonde litamchukua.

Sasa Sokolaki ilichagua watu kama mwanamke mbishi anavyochagua samaki aina ya mikeke sokoni. Anatazama macho ya samaki kwanza, anafunua matamvua, anabonyeza tumbo, halafu ananusa. Macho yalikuwa mtihani. Vijana waliketishwa ndani ya ghala, juu ya marobota ya pamba, wakaandikia magotini: imla ya Kifaransa, hesabu za mizani, na barua ya kumtuliza mteja aliyepelekewa mchele wenye mawe. Étienne akatoka wa kwanza, jina lake likasomwa kwa sauti. Halafu yakaja mazungumzo na wakubwa. Hapo Mzungu mmoja aliyekuwa hajaumwa meno bado, pamoja na Sévère, mkubwa wa wafanyakazi, walimuuliza atafanya nini mjomba wake akija ghalani kuomba gunia la mchele. Étienne akajibu kwamba atamwambia mjomba asubiri nje ya lango mpaka jioni, waende wote nyumbani wakale. Mzungu alicheka. Sévère hakucheka.

Halafu daktari. Walipimwa mkojo, wakapimwa kifua, wakafunguliwa midomo na kutazamwa meno, wakaambiwa wavue zote, wachutame na kuinuka mbele ya watu waliokuwa wanavuta sigara. Étienne alirudi nyumbani siku hiyo na uso ambao mama yake hakuwahi kuuona, akalala bila kula.

Kilichobaki ni kunusa, na huko kunusa wenyewe walikuita ankete. Mtu wa kampuni atakuja mtaani kuona kijana anaishi vipi na ana tabia gani.

Hapo Félicité akafanya kile ambacho kila mama wa pwani hii angefanya: akafunga mdomo. Bahati haitajwi kabla haijalala ndani ya nyumba yako, maana ukiitaja nje kuna jicho litakalotangulia kuiona. Yeye ambaye hakuwahi kupika chungu Mama Manassé asijue kimetiwa chumvi kiasi gani, akakaa na neno hilo kooni kama mfupa. Aliazima meza kwa katekista. Aliazima uma kwa masista. Ndugu za marehemu mumewe walikuwa wamemjia kutoka Katogota na watoto wao na kuku wao kwa sababu ya wasiwasi wa bondeni. Nao akawaambia kwamba nyumba inapigwa dawa ya mbu, wakalale kwa Mama Manassé. Mama Manassé akawapokea wote bila kuuliza, akawatandikia mikeka, na kuku akawafunga kwenye mguu wa kitanda chake. Nyumba ya Félicité ikabaki tupu na safi kama kanisa siku ya Jumatatu. Uma mezani, mama mwenyewe amevaa kitenge cha Noeli tangu asubuhi, anamngoja mtu aingie kwa mlango wa mbele.

Mtu alikuja. Lakini hakuja kwa mlango wa mbele.

Aliitwa Eugène, karani wa Sokolaki, kijana wa viatu vyeusi vilivyong'aa. Alipita njia ya nyuma, kule kwenye migomba na vyoo, akaingia uani kwa Mama Manassé, kwa kuwa kampuni ilikuwa imemfundisha kwamba mwenye mtoto hudanganya na jirani husema kweli. Akamsalimia kwa adabu, akageuza kinu akakikalia, akauliza maswali matatu. Huyu kijana wa jirani yako ana nguvu? Anaamka mapema? Hanywi?

Na Mama Manassé akajibu kama mlivyokwisha kusikia.

"Ni wivu," Félicité alisema pale kwenye uzio, na sasa alikuwa hasemi na Mama Manassé bali na mtaa. "Manassé wake hakuona mlango wa shule. Iko huko juu mlimani anafundisha ng'ombe nyimbo za Kiprotestanti. Sasa mtoto wa mwenziwe akikaa kwenye meza, yeye atalala?"

Ungo ukasimama. Mama Manassé akainuka. Jina lake alilopewa na wazazi lilikuwa Mukansanga, mwanamke mrefu wa nyanda za juu, na alipomaliza kuinuka ilibidi watu waangalie juu.

"Manassé muache," alisema. "Weye uliniambia muntu atakuja? Uliniambia dawa ya mbu."

Félicité akaongeza sauti. Akasema mtu mwenye moyo mzuri haambiwi amsifu mtoto wa jirani, anamsifu tu.

"Minye simusifu muntu kwa mgeni," Mama Manassé akamkata. "Nilishaona kazi ya sifa."

Ndipo akasimulia, na watu waliokuja kwa ajili ya kucheka walianza kupunguza vicheko. Mtaa ulijua kwamba yeye ni mjane. Hakuna aliyewahi kujua namna gani. Zamani, yeye akiwa bado bibi harusi kule juu, mtu wa viatu vizuri alipanda mlima, wakati wa utawala wa Wazungu. Hakwenda kwa Rwabuhihi mumewe. Alikwenda kwa jirani, akaketi kwenye kinu, akauliza: huyu Rwabuhihi ana nguvu? Anaamka mapema? Hanywi? Na jirani yule, mtu mwema aliyempenda Rwabuhihi kama ndugu, akafurahi kupata nafasi ya kumsifu. Akasema mlima huu hauna fahali wa kumshinda, ng'ombe wenyewe yeye ndiye anawaamsha, na kinywani mwake haingii kitu isipokuwa maziwa. Kesho yake wakamjia na kamba. Akapelekwa kufungua barabara, kutoka barabarani akapelekwa mgodini, mbali, hata jina la mahali hakuambiwa mke wake.

"Ilirudi blanketi," alisema. "Tangu siku ile, muntu wa viatu akiniuliza habari za mtoto wa muntu, mtoto huyo iko mgonjwa. Étienne nilimpa kifafa kwa sababu nampenda. Wengine nawapa ukoma."

Nduwimana alikohoa, akakumbuka suruali ya mteja wake. Wauza ndagala wakajitwisha vizuri. Na Félicité, maneno yalimfikia, sikatai. Yalimfikia mpaka pale hasira ilipokuwa imekaa, lakini hasira haikuwa na mahali pengine pa kuhamia. Akachukua gunia kuukuu, akalikunja, akaziba nalo tundu la uzio, akalisokomeza kwa ngumi. Akasema kuanzia leo moto wautafute kwa Waprotestanti wenzao.

Asubuhi yake alishika njia ya Kalundu.

Baraza la ofisi ya Sokolaki lilikuwa limejaa vijana wengine, maana tangazo lilikuwa bado mlangoni pa posta na hakuna aliyekwenda kulibandua. Sévère alimpokea amesimama. Alimwita mama, akamwuliza habari za nyumbani, akamsikiliza akiwa amefunga vidole vyake tumboni. Félicité akaeleza yote: kwamba jirani alidanganya kwa mazoea yake, kwamba waende wamuulize padri, wamuulize fundi cherehani, wamuulize yeyote. Na daktari wao wenyewe aliyemtazama mwanawe mpaka kwenye makalio, je, alikiona hicho kifafa?

Sévère akajibu taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Daktari, alisema, anauona mwili siku moja; jirani anauona kila siku. Wenye diploma ni wengi sasa, mtihani unawapunguza tu, na kati ya wa kwanza na wa kumi tofauti ni wino. Kinachomchagua mtu ni tabia, nayo tabia inajulikana nyumbani. Halafu tena, mama, nafasi zote nne zimekwisha kupata watu.

Pengine Félicité angerudi nyumbani na hayo, maana alisemeshwa kwa heshima, na heshima inalegeza magoti. Lakini Eugène wa viatu vyeusi alimsindikiza mpaka langoni, na Eugène alikuwa mtu wa Uvira kama wewe na mimi: siri ilikuwa inamwasha. Félicité akamuuliza alizungumza na majirani gani wa wale wanne waliopata. Eugène akatazama nyuma. Akasema kwa wale hakutumwa. Mmoja wao, Pierre, mtoto wa dada yake Sévère, anakaa kwenye kambi ya kampuni, na ankete yake Sévère aliifanya mwenyewe.

"Alimuuliza jirani gani?"

"Alimuuliza mke wake mwenyewe, mama. Pierre na wao wanapakana ukuta."

Na mtihani, Félicité akauliza, huyo Pierre aliuandika namna gani? Eugène akasema barua ya Pierre kwa yule mteja wa mchele ilianza na salamu, ikaishia hapo.

Félicité aligeuka. Walinzi wa lango baadaye walisema kwamba walimwona mwanamke akipita wakadhani amesahau mwavuli. Alipanda baraza, akawapita vijana na bahasha zao, akasimama mbele ya mlango wa Sévère uliokuwa wazi, na hakupiga kelele. Mtu wa ndani alimsikia, na wa nje walimsikia.

"Mlimfungua mdomo kama mbuzi wa soko," alisema, "akafungua. Mlimwambia avue, akavua. Mlimpa hesabu, akazimaliza. Halafu mkanipitia nyuma, kwenye vyoo, kumuulizia kama muntu aliyeiba. Minye nilikuwa mbele, Sévère, na uma mezani. Kama mulitaka mtoto wa dada, mungesema mapema, watoto wetu wabaki na nguo zao."

Aliwatazama wale vijana wa barazani, akingoja hata mmoja aseme neno, na wote walikuwa wanaangalia chini. Mmoja alikuwa anafuta vumbi la kiatu chake kwa mate. Kila mmoja alikuwa bado ameshika tumaini lake dogo, na mtu mwenye tumaini haruhusiwi kukasirika. Jambo hilo lilimchoma kuliko kumbo la mlinzi aliyemshika mkono na kumtoa.

Njia nzima ya kurudi aliisema. Aliisema pale mitumbwi ya ndagala inapotia nanga, aliisema darajani Mulongwe, aliisema kwa Nduwimana mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza Nduwimana alikuwa anakanyaga cherehani. Kabla ya jua kuwa la utosi, Uvira yote ilijua jirani wa Pierre ni nani, na wanawake wakikutana kisimani walikuwa wanaulizana: na weye, unapakana ukuta na nani?

Mtu mmoja tu hakumwambia: jirani wa ng'ambo ya uzio. Félicité alikuwa amekwisha kuelewa, sana, kwamba hata kama Mama Manassé angemsifu Étienne kama mtakatifu wa kwenye dirisha la kanisa, kiti kile kilikuwa na mtu tayari. Kifafa hakikumnyima mwanawe chochote. Kiliwapa wakubwa neno la kusema tu. Lakini kulisema hilo kulitaka autoe ule mzigo wa gunia kwenye tundu kwa mkono wake mwenyewe, nao mkono ulikataa. Na dawa ya mbu ilikuwa inamkera. Alitangaza kwamba imekwisha kukauka, ndugu wa mumewe warudi. Wakamwitikia vizuri na hawakurudi. Jioni aliwasikia ng'ambo ya uzio wakicheka na sufuria zao, yeye amekaa peke yake na meza ya katekista, na uma ambazo hazijagusa chakula.

Étienne hakucheka wala hakulia. Habari za Pierre alizisikia, akainama akaokota diploma yake, akaichomeka nyuma ya picha ya Bikira Maria, na tangu hapo hakuigusa. Sasa Firmin alikuwa anakuja mchana mweupe. Naye alikuwa ameondolewa na Sokolaki, kwenye hatua ya meno. Hakunong'ona tena, alisema kwa sauti ya kumfikia mama jikoni, "Kule bondeni hawaulizi majirani. Wanakuuliza weye mwenyewe."

Siku ya pili yake Félicité aliona shati la Étienne limefuliwa na kuanikwa, na kando yake mfuko wake wa shule, nao umefuliwa. Mtu hafui mfuko kwa ajili ya kukaa nyumbani. Akamfuata ndani, akasema kila alichokuwa nacho: kwamba ni wa pekee, kwamba wa kwa akina fulani alirudi bila miguu, kwamba kampuni hazikwishi duniani.

"Mama," Étienne akamjibu, "nimesimama uchi mbele ya watu wanaovuta sigara, ili waniambie kwamba naanguka. Sasa nikae kwenye kizingiti, ningoje tangazo lingine?"

Kwa hasira mama yake alikwenda kutwanga sombe, majani ya mihogo, na siku hiyo kinu kilisikika mpaka sokoni.

Walikuja Jumapili, jua likiwa kali, bugali uko motoni na sombe imekwisha kutiwa mawese na ndagala. Félicité aliona viatu kwanza. Vilikuwa buti za askari, zimepakwa rangi zikang'aa, zinakanyaga kwa uangalifu kati ya migomba na vyoo. Walikuwa wanaume wawili, vijana, mmoja mwenye buti na mwingine mwenye kitabu kwenye mfuko wa shati. Wakamsalimia kwa adabu, wakamwita mama. Wa buti akageuza kinu akakikalia.

Akaeleza kwamba wanatoka bondeni, na kwamba hakuna haja ya kuogopa. Wao hawachukui kila mtu, alisema. Wengi wanakuja wenyewe na mikuki, lakini wanaochaguliwa ni wenye diploma, wa kuandika amri na kusoma ramani. Wameambiwa hapa jirani anakaa mmoja anaitwa Étienne, alikuwa wa kwanza kwenye mtihani wa kampuni. Kwake hawajaingia. Wanapenda kumuuliza jirani kwanza, maana mwenye mtoto hudanganya.

Walikuwa wamekosea ua. Félicité akasimama na mwiko mkononi, akafahamu kwamba leo yeye ndiye jirani.

"Ana nguvu?" wa buti akauliza. "Anaamka mapema? Hanywi?"

Nitakuambia lililompata mama huyo, maana ni la kweli na halina aibu. Kiburi kilimpanda kooni. Miezi yote hiyo hakuna mtu aliyemuuliza yeye. Wa kwanza wa wote! Wa kuamka kabla ya kengele ya misa! Meza alikuwa ameitandika kwa ajili ya swali hilo, kitenge alikuwa amekivaa kwa ajili yake. Ulimi ulikuwa umekwisha kugusa meno. Halafu akaona zile buti zimetulia juu ya makapi ya mchele, na akasikia kwamba ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, mtu aliyekuwa anafunga kamba za mfuko ameacha kuzifunga.

"Étienne?" alisema. "Maskini. Yule anaanguka."

"Anaanguka namna gani?"

"Kifafa. Analala mpaka jua linafika juu ya paa. Na pombe."

"Pombe kidogo?"

"Kidogo ningesema mbele ya mama yake."

Wawili wakatazamana. Mwenye kitabu akasema Firmin aliwaambia habari nyingine. Félicité akamuuliza rafiki wa mtu atasemaje. Lakini mwenye kitabu alikuwa mwanafunzi mzuri. Akasema jirani mmoja hatoshi, akausogelea uzio, akaita: mama wa ng'ambo, tunaomba neno moja.

Gunia likatikisika. Likasukumwa kutoka upande wa pili, likaanguka, na ndani ya tundu ukaja uso wa Mama Manassé. Mwenye kitabu akamuuliza kama ni kweli kijana wa hapa anaanguka.

Félicité hakuweza hata kukonyeza. Alikumbuka ng'ombe wa mlimani na nyimbo zao, kila neno alilolisema mbele ya mtaa. Mama Manassé akamtazama, bila haraka, mwanamke anayejua kwamba leo anaweza kulipiza. Halafu akashusha macho mpaka kwenye zile buti.

"Kuanguka ni kidogo," alisema. "Tunaogopa vidole. Ukoma umeanza."

Wa buti akainuka kwenye kinu, akajipangusa makalio kwa mikono miwili. Na hapo ndipo pazia lilipofunguka, Étienne akatoka na mfuko begani. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ile ya daktari. Akawatazama wageni, akatazama kinu, na Félicité alijua kwamba amesikia yote tangu salamu.

"Na weye ni nani?" mwenye kitabu akauliza.

Chungu kilikuwa kinatokota. Étienne akautelemsha mfuko polepole, akauweka chini karibu na mguu wa mama yake.

"Minye ni wa Katogota," alisema. "Tumekimbilia hapa. Étienne iko ndani, ameanguka tangu asubuhi. Mukitaka kumufungua mdomo mutazame meno, ingieni."

Hawakutaka. Wakasema mgonjwa apone, wakarudi kwa njia ya vyoo. Mama Manassé aliwasindikiza kwa macho mpaka migomba ilipotulia.

Étienne alikaa kwenye kizingiti. "Maswali yale yale," alisema. "Mama, hata maneno hawakubadilisha." Akapiga ngumi kwenye mlango, mara moja, vumbi likashuka, halafu akauvuta mfuko na kuanza kutoa nguo moja moja.

Félicité aliipua chungu. Akasonga bugali kwa nguvu zaidi ya inayohitajika, akaupakua. Halafu akausogelea uzio. Lile gunia alilikanyaga.

"Mama Manassé," alisema. "Ile dawa ya mbu."

"Najua," akajibiwa. "Mbu wote walihamia kwangu. Wamenona."

"Bugali unapoa. Walete watu wangu wote, na kuku wao, na weye mwenyewe uje mbele yao." Na alipomwona Mama Manassé amekwisha kuinama ili apite pale tunduni kama siku zote, akamzuia kwa mwiko. "Hapana hapo. Zunguka, ingia kwa mlango wa mbele. Meza iko, na uma ziko. Njoo tule."